Kiti cha Nyuma cha Driciru

Koboko, 18 Aprili 2024

Driciru, mjukuu wangu,

Salamu zitakuja chini. Kwanza nina hasira na wewe.

Anayeandika ni Agnes Keji, yule mshonaji wa sokoni. Mkono ni wake, maneno ni yangu. Nimemwambia asilainishe kitu. Akimaliza atanisomea. Mimi darasani sikuingia hata siku moja, lakini masikio yangu yamekomaa. Akiniibia neno nitajua.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Nikikupigia ukiwa Adumi kwa yule bibi yako, unaweka sauti kubwa, na mimi namsikia akikohoa. Naongea na mjukuu wangu, yeye anatafuna maneno yangu pamoja na karanga zake. Basi kuanzia leo ni karatasi. Karatasi haikohoi. Shafiki, dereva wa pikapu ya vitunguu, atakuletea Arua, na jibu utampa yeye.

Tena ni huyo huyo Shafiki aliyenichoma. Ameshuka hapa akiwa na meno yote nje: "Habuba Zam, hongera! Mjukuu wako anachagua pikipiki. Ziko mbili, hajui achukue ipi. Bibi yake wa Adumi anamsaidia kuchagua."

Nikamwuliza, nani anamsaidia? Akarudia. Nikamwambia aende zake na vitunguu vyake.

Driciru. Margarita amezaa baba yako, sikatai. Lakini mama yako Jalia nilimzaa mimi, na wewe nilikubeba mgongoni hapa Koboko mpaka ukakataa kutembea kwa sababu mgongo ulikuwa mtamu. Halafu unachagua pikipiki na mimi naambiwa na mwuza vitunguu?

Hujasahau ulichoniahidi. Siku uliyomaliza chuo cha mifugo ulikaa kwenye mkeka wangu ukasema, "Habuba, nikipata pikipiki yangu mwenyewe nitakupeleka Adumi kwa mama." Mimi kwenye kaburi la mwanangu nimefika siku ya mazishi tu. Ng'ombe za mahari zilishatolewa, mwanamke aliyeolewa analala kwa mumewe, sikubisha. Baba yako akaenda Juba na malori yake, na mwanangu akabaki katika uwanja wa Margarita. Gari linaishia kwenye kijito, daraja la mbao linapitisha pikipiki na mbuzi tu, na goti langu halitembei njia iliyobaki. Bodaboda wa kulipwa simtaki. Kwa mwanangu sipelekwi kama gunia la mihogo.

Na kwetu unajua. Chombo kipya cha usafiri kinambeba kwanza mama wa nyumba, kabla ya mtu mwingine. Babu yako alipotoka kambini na baiskeli mpya, alimbeba mama yake mpaka sokoni na kurudi, mimi bibi harusi nimesimama mlangoni na chai inapoa. Niliumia, lakini nilinyamaza, maana ndivyo ilivyo. Sasa zamu ni yangu.

Nieleze hizo pikipiki, zote mbili. Na unieleze mwanamke mzee anakaa wapi.

Salamu ndizo hizi. Umekula?

Habuba wako,
Zam


Arua, 22 Aprili 2024

Habuba wangu mpendwa,

Nimekula. Nimekula mihogo na maharage, na barua yako nimeila na chai. Shafiki alinikabidhi kwa mikono miwili kama anatoa bomu.

Nisamehe. Nilitaka kwanza nichague, halafu nije Koboko nikuonyeshe. Lakini umeuliza, nakujibu.

Zote mbili ni za njia mbovu: tairi zenye meno, kinga za matope zimepandishwa juu mbali na gurudumu, ekzosi imeinuliwa ili maji ya kijito yasiingie. Kwa kazi yangu ya kuchanja mbuzi na kuku, leo Dadamu kesho Adumi, pikipiki ya lami hainisaidii. Nyingine nzurinzuri ni za watu wenye mishahara mirefu. Hizi mbili ndizo ninazoziweza.

Ya kwanza ni nyekundu, mpya, ya Kichina, bado ina nailoni kwenye kiti. Ni nyepesi. Ikilala kwenye matope naiinua peke yangu. Ina kitufe cha kuwashia, na vipuri vyake vimejaa kila duka mpaka huko kwenu mpakani. Ubaya wake ni urefu. Nikiikalia, vidole tu vinagusa chini, kama mtoto anayechungulia dirishani. Kiti cha nyuma ndiyo kabisa, kimeinuka kama mkia wa jogoo.

Ya pili ni ya bluu, ya Kijapani, imetumika. Shirika moja liliiuza lilipofunga ofisi. Ni nzito, unaiwasha kwa kupiga kiki, na rangi imechubuka. Lakini injini yake inaunguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Kiti ni kirefu na kiko chini, miguu yangu yote miwili inakanyaga ardhi. Nyuma ina keria pana ya chuma, sanduku langu la barafu la chanjo linakaa bila kuyumba.

Moyo wangu unaelekea ya bluu.

Ni kweli Bibi Margarita alikuja dukani. Alizipanda zote mbili, akikaa upande na kitenge chake, duka zima likasimama kutazama. Kwenye nyekundu walimwinua wanaume wawili, akatukana. Kwenye bluu alipanda mwenyewe, akatikisa makalio kupima kiti, akasema, "Hii. Hiyo nyingine irudishwe China." Hakuna aliyecheka mbele yake.

Usikasirike, Habuba. Ahadi yangu iko palepale.

Mjukuu wako,
Driciru


Koboko, 25 Aprili 2024

Driciru,

Nimesikia. Agnes amenisomea mbele ya wateja wake, kwa hiyo soko lote limesikia.

Hizo pikipiki nimezipa majina. Ile nyekundu ni Mbuzi, ile bluu ni Punda. Sasa tuongee.

Kwa nini Margarita amepima kiti? Mtu anapima kiti anachotaka kukalia. Mimi nikienda kwa Agnes kupima gauni, silipimi la jirani. Amekaa upande, amejitikisa, ameona panamtosha, amesema hii. Tayari anajiona amebebwa kwenda misa Jumapili, kanga imefungwa kichwani, anapungia watu mkono. Na mimi huku nimekaa na goti langu.

Unalala kwake, unakula kwake. Mwanangu yuko kwake. Asubuhi anaamka, anamwona. Jioni anafagia hapo. Akitaka kumwambia kitu Jalia, anasema kutoka jikoni. Mimi nikitaka kusema na mwanangu naangalia upande wa Maracha na kubahatisha. Sasa na kiti cha nyuma kiwe chake pia?

Hapana.

Nunua Mbuzi.

Agnes ameacha kuandika, ananitazama. Agnes, andika. Nunua Mbuzi!

Sababu ninazo. Nimemwuliza Jale, fundi wa hapa karibu na stendi. Nimemwambia mpya na iliyotumika ipi bora? Amesema, "Habuba, inategemea." Nimemwambia haitegemei, jibu. Akasema mpya haina magonjwa ya mwenye kuimiliki kwanza. Unaona? Hiyo Punda nani anajua ilibebeshwa nini huko shirikani. Imezungushwa na kila dereva, kila mmoja alibana klachi yake anavyotaka. Na vipuri vya Mbuzi umesema mwenyewe viko hapa. Hata yule Mkongo anayeuza cheni na plagi sokoni ameniambia, "Mama, hiyo ya Kichina kila mutu iko nayo."

Na usiniambie iko juu. Mimi ni mke wa sajini. Nimepanda malori ya jeshi wakati Margarita anafundishwa na masista kushika kalamu. Mimi nitapanda Mbuzi. Asiyeweza kupanda ni yeye, na dunia nzima ya Arua imeshuhudia.

Ukiniheshimu, nunua Mbuzi.

Nakutumia simsim iliyopondwa. Ni yako peke yako. Usiipeleke Adumi.

Habuba wako,
Zam


Arua, 29 Aprili 2024

Habuba,

Nimekaa na barua yako muda mrefu.

Naomba uniruhusu nikuulize tena. Una uhakika? Fikiria goti lako. Fikiria na mimi kwenye daraja la mbao, sanduku la barafu nyuma, vidole tu vikigusa chini. Na Bibi Margarita si kama unavyomfikiria kwenye jambo hili. Kuna kitu ningekueleza, lakini nimekatazwa, na aliyenikataza niliapa kwake.

Kama ungeniambia "chagua wewe", ningechukua ya bluu kesho asubuhi. Lakini sitaki kununua chombo ambacho wewe utakitazama kwa jicho baya. Mama hayupo. Ninyi wawili ndio mlionibakia, na mmenikalia kila mmoja bega lake.

Simsim imefika. Nimeificha kama ulivyosema, naona aibu.

Driciru


Koboko, 2 Mei 2024

Driciru,

Umeapishwa? Tayari mna siri ninyi wawili? Basi nimejua yote ninayohitaji kujua.

Sina maneno mengi leo, Agnes ana sare za shule za kushona. Neno langu ni lile lile. Ukija na Punda, mimi nitakupokea, nitakupikia, nitakuosha vumbi miguuni kwa sababu wewe ni damu yangu. Lakini mgongoni mwake sikai. Akae huyo aliyeipima.

Agnes anasema niongeze kwamba nakupenda. Hilo linaandikwa? Analijua. Vaa kitu kizito asubuhi, mvua za mwezi huu zina baridi.

Zam


Arua, 11 Mei 2024

Habuba,

Nimenunua nyekundu.

Aliyeuza alinipa kofia ngumu na kuniambia urefu wake nitauzoea. Nauzoea. Nikisimama naegemea upande mmoja, kama kuku aliyelala kwa mguu mmoja. Kwenye mteremko natafuta jiwe au mzizi wa kukanyagia kabla sijasimama. Ikikimbia lakini, Habuba, inakimbia. Mashimo inayaruka kweli kama mbuzi.

Ile ya bluu imechukuliwa na mwalimu mmoja wa Dadamu. Nilipita nikaiona imefungwa magunia ya miche kwenye keria. Nikageuza macho.

Sijambeba mtu bado. Nyuma linakaa sanduku la chanjo tu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kuhusu zamu yako.

Na hili sikukatazwa kulisema. Jumatano nilimkuta Bibi Margarita anatoka soko la Adumi kwa miguu, mvua inammiminikia, kikapu cha dagaa kichwani. Nikasimama. Nikamwambia panda, Bibi, nitakuinua, sanduku nitalishika mbele. Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema, "Imeshambeba yule wa Koboko?" Nikasema bado. Akasema, "Basi unanisimamishia nini kwenye mvua?" Akaendelea kutembea. Nikamfuata polepole kwa gia ya kwanza mpaka nyumbani, sote wawili tumelowa.

Nitakuja Koboko kazi ya chanjo ikipungua.

Driciru


Adumi, 20 Mei 2024

Mkwe Zam,

Naandika mimi mwenyewe, Margarita. Driciru nimemlaza ndani, hajui kama naandika.

Mtoto ameanguka. Usishike moyo, yuko hai na anakula. Ni pale kwenye daraja la mbao. Mbao zilikuwa na utelezi, pikipiki ikayumba, akashusha mguu kutafuta ardhi, na ardhi ilikuwa mbali. Wameanguka wote ndani ya kijito, yeye na hiyo nyekundu. Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi, bega limechubuka. Chanjo zote zimeharibika. Alitembea mpaka hapa akiburuta mguu, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Usimwambie Habuba."

Mimi namwambia Habuba.

Ulimwamuru anunue ile ndefu. Alisoma barua yako hapa mezani kwangu na uso wake ukabadilika. Nilimwuliza, akasema, "Habuba anataka hii." Nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Unajua kwa nini nilikwenda dukani kupanda mapikipiki mbele ya vijana kama mwehu? Wewe na mimi tuna urefu mmoja. Siku ya mazishi ya Jalia tulisimama bega kwa bega, nikaona mabega yetu yako sawa. Na goti langu la kushoto limeharibika kama lako, huyu mtoto ameniambia habari za goti lako mpaka nalijua kuliko langu. Nilisema nikiweza kupanda mimi, Zam ataweza. Nilikuwa napima kiti chako, wewe mwanamke. Mimi kanisa liko pale, natembea. Sokoni natembea. Nibebwe kwenda wapi? Anayesafiri kuja kwa mwanawe ni wewe.

Nilimwapisha asikuambie. Ungejua wazo limetoka kwangu ungeikataa hiyo bluu hata kama ingekuwa na kitanda na chandarua.

Na kwa kuwa nimeanza nitamaliza. Unadhani mimi nimeshinda, kwa sababu analala kwangu. Akipata homa, anayeshika beseni ni mimi. Anayemfuta jasho ni mimi. Na jina linalotoka kinywani mwake ni Habuba. Habuba, Habuba, usiku kucha, na mimi nimekaa hapo na kitambaa. Akipika chakula kikawa kizuri anasema, "Ni kama cha Koboko." Hata chumvi yangu umeniibia, na hujawahi kufika jikoni kwangu.

Simsim niliiona. Iko chini ya kitanda, ndani ya kiatu. Sikuigusa.

Ukitaka kuja, njoo. Njia ya kuja ndiyo umeiharibu mwenyewe, sasa tafuta nyingine.

Margarita


Koboko, 23 Mei 2024

Mkwe Margarita,

Agnes amenisomea barua yako. Safari hii amefunga mlango kwanza.

Nilikuwa na jibu la kukutukana, nililitengeneza toka mstari wa mwanzo. Ulipofika kwenye habari ya kijito, jibu likapotea. Mtoto anatafuta ardhi kwa mguu, na ardhi iko mbali. Sijalala vizuri. Nafumba macho, nauona huo mguu.

Kwa hiyo sikutukani. Lakini usidhani nimefurahi. Umepima kiti changu kwa makalio yako bila kuniuliza, na bado sijui kama nikushukuru au nikuchape. Na hiyo ya homa, kwamba ananiita mimi, ungeniambia mapema. Ningeishi vizuri zaidi miaka hii yote.

Simsim ile, mwambie aitoe kwenye kiatu. Kuleni. Ni ya kutosha wawili.

Kuanzia hapa mpe Driciru asome mwenyewe.

Driciru, mguu ukipona, si kabla, mlete huyo Mbuzi Koboko. Polepole, asubuhi, kwenye lami. Nimeongea na Jale. Nilimwambia nataka jibu ambalo halitegemei. Amesema yale mabomba mawili ya mbele yanalegezwa na kusukumwa juu kidogo kwenye vibano vyake, springi ya nyuma inalegezwa, pikipiki inashuka. Nimemwuliza kwa kiasi gani, akanionyesha kiganja chake upana. Amesema haitaruka mashimo kama zamani. Nimemwambia isiruke, imeruka vya kutosha. Kiti ni kazi ya Agnes. Atakivua ngozi, atakata sponji mbele ili ukalie chini, ataishona upya kwa uzi wa mahema. Utakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, kwa nyayo, au Jale ataifungua tena mbele ya macho yangu.

Kiti cha nyuma bado kitakuwa juu. Agnes na mimi tumepima kwa meza yake. Kukaa upande siwezi, nitateleza kama samaki.

Nimefungua sanduku la marehemu babu yako. Suruali yake ya jeshi ipo, nondo wameonja pindo tu. Agnes anaikata miguu. Jirani mmoja ameniambia, mwanamke wa umri wako, suruali? Nimemwambia anitafutie njia nyingine ya kufika kwa mwanangu, nitaivua hapo hapo. Juu nitavaa gauni langu, Mungu ananijua.

Nilisema nitapanda Mbuzi. Nitapanda.

Zam


Adumi, 11 Juni 2024

Agnes Keji, binti yangu,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Anayeandika ni Margarita. Anaandika pole pole na herufi zake ni kubwa, karatasi itaisha kabla sijafika popote. Wewe unaandika vizuri zaidi. Nimemwambia aandike hivyo, na ameandika, lakini amebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Nimefika.

Ulichoshona kimeshika. Kutoka kwako mpaka Maracha nilifumba macho, nikashika kiuno cha Driciru mpaka akalia kwamba hapumui. Baada ya Maracha nikafumbua jicho moja. Kumbe nchi ni nzuri hivi, na miaka yote nimeiona kupitia mgongo wa kiti cha basi. Watu walitutazama. Mwanamume mmoja wa bodaboda akapiga honi, akasema, "Mama Jeshi, heshima!" Nikampigia saluti. Karibu tuanguke. Driciru amenikataza saluti.

Kwenye daraja la mbao alisimama. Akakanyaga chini, miguu yote miwili, bapa, nikaangalia kuhakikisha. Akaniambia, "Habuba, ukitaka kushuka tutavuka kwa miguu." Nikasema vuka. Mbao zililia, nami nikalia nazo, lakini tumevuka.

Margarita alikuwa amesimama kwenye uwanja. Kweli tuna urefu mmoja. Aliniona nikiwa nimepanua miguu juu ya pikipiki na suruali ya sajini, akashika mdomo. Nikamwambia, cheka, umalize. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaleta kinu, akakipindua kando ya pikipiki, nikashukia juu yake. Bega nililolishika lilikuwa lake. Lilikuwa karibu, hakuna sababu nyingine.

Agnes, nikuambie habari ya kaburi.

Nilikwenda peke yangu. Wakaniacha. Limejengewa vizuri, jina limeandikwa, Driciru aliniwekea kidole changu juu ya kila herufi jioni yake, Jalia, nimeifuata. Ua la manjano limepandwa kichwani. Na pamefagiliwa. Pamefagiliwa mpaka ardhi ina mistari ya ufagio kama nywele zilizosukwa. Mimi nimekuja njia yote hiyo kumfanyia mwanangu kitu. Nilitafuta jani moja la kuokota. Nikazunguka. Hakuna hata moja. Hata jani!

Hapo ndipo nilipolia kwa wivu. Sikuona haya. Nilipiga kelele, nikamwita Margarita, nikamwambia, "Mwanangu huyu! Umemfagilia asubuhi, umemfagilia jioni, umemfagilia miaka. Mimi umeniachia nini?"

Akaondoka. Nikajua nimemkosea na mgeni amefukuzwa kabla ya kunywa maji. Kumbe amekwenda nyuma ya jiko. Akarudi na kapu la takataka alizofagia asubuhi hiyo, majani, maganda ya karanga, vijiti. Akaja mpaka juu ya kaburi, akalimwaga lote. Lote, Agnes. Akatawanya kwa mguu mpaka kila mahali pakachafuka. Kisha akanipa ufagio.

"Haya," akasema. "Fagia."

Nikafagia. Goti lilikuwa linaniuma na sikulisikia. Nilifagia kila kona, nikamweleza mwanangu habari zote kwa sauti, za baba yake, za wewe, za Mbuzi. Margarita alikaa mlangoni na Driciru wakinisubiri, chai ikapoa, na safari hii hakuna aliyeninung'unikia.

Sirudi wiki hii. Lisha kuku wangu, yule jogoo mwekundu umfungie, ni mwizi. Mwambie Jale mkono wake Mungu aubariki. Driciru amekwenda Dadamu kuchanja, sanduku limerudi mahali pake kwenye kiti cha nyuma, lakini kiti kinajua kilimbeba nani kwanza. Jumapili kitambeba Margarita kwenda misa. Nimeruhusu. Kwenda tu. Kurudi atembee.

Mimi ninafagia kila siku sasa. Jana nilimkuta Margarita ameshaamka kabla yangu, ameshika ufagio, tukavutana. Kesho nitaamka kabla ya jogoo wake.

Nakusalimu, wewe na cherehani.

Zam

Mimi Margarita, mwandishi: hataniwahi. Ufagio nimeulalia.